Mwanafunzi apewe muda wa kufikiri na kuandika kabla ya kuambiwa ajadili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa elimu ambao umekuwa ukiendelea tangu mtaala mpya ulipoanza kutumika Januari 2024. Mengi yaliyoandikwa yanahusu karakana za mafunzo ya amali, uhaba wa vitabu, upungufu wa walimu na msongamano wa madarasa, na yote hayo ni mambo ya msingi. Kinachozungumzwa kwa nadra ni zile dakika 40 za kipindi chenyewe: mwanafunzi anafanya nini ndani yake, anafikiri saa ngapi, na nani anajua kwamba amefikiri. Mimi ni mwalimu wa Jiografia na Biolojia katika shule ya sekondari hapa Ujiji, mkoani Kigoma. Hoja yangu ni kwamba mbinu shirikishi tunazohimizwa kuzitumia hazitajenga umahiri wowote iwapo mwanafunzi hapewi kwanza muda wa kufikiri kimya na kuandika alichofikiri, kisha baadaye akarudishwa kwenye maandishi yake ayapime upya.

Mtaala unaolenga umahiri, yaani uwezo wa mwanafunzi kutumia alichojifunza, haukuanza mwaka 2024. Shule za sekondari ziliupokea mwaka 2005 na shule za msingi mwaka 2006, kwa hiyo walimu wengi tulio kazini leo hatujawahi kufundisha chini ya mtaala mwingine. Pamoja na hayo, katika madarasa mengi ushirikishwaji umekuja kuwa na maana ya kukaa katika vikundi tu. Mwalimu anaandika swali ubaoni, madawati yanageuzwa, wanafunzi wanane wanazunguka daftari moja. Mwenye mwandiko mzuri anaandika, wawili wenye kujiamini wanabishana, na waliobaki wanangoja kengele. Mwakilishi wa kikundi anasimama na kusoma, anapigiwa makofi ya kilo mbili, na somo linasonga mbele. Mwalimu akiuliza, "Tumeelewa?" darasa zima linaitikia, "Ndiyo, Mwalimu!" na katika mwitikio huo wa pamoja ndimo anamojificha mtoto ambaye hakuelewa chochote tangu mwanzo. Kipindi kama hicho kina uchangamfu na mgeni anayepita dirishani atakisifu, lakini ukichukua daftari la mmoja mmoja hutapata mahali panapoonyesha kwamba mwenye daftari alifikiri jambo lake mwenyewe.

Tatizo linaanzia kwenye kimya, ambacho walimu wengi tunakiogopa. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliyechunguza vipindi vya sayansi katika shule za nchi yake katika miaka ya 1960 na 1970, alibaini kwamba walimu walikuwa wakingoja kwa wastani wa sekunde moja hivi baada ya kuuliza swali, kisha wanalirudia, wanamtaja mwanafunzi mwingine, au wanalijibu wenyewe. Walipozoezwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, wanafunzi waliokuwa hawasemi walianza kusema, na wengi wakaanza kutoa sababu za majibu yao badala ya kutaja neno moja na kukaa. Mwalimu yeyote anaweza kulijaribu jambo hili kesho asubuhi bila kuomba fedha kwa mtu. Ataona kwamba sekunde tatu ni ndefu sana kwa aliyesimama mbele ya darasa, na kwamba mikono inayonyooshwa katika sekunde ya tatu si ileile iliyozoea kunyooshwa katika sekunde ya kwanza.

Mmarekani mwingine, Frank Lyman wa Chuo Kikuu cha Maryland, alieleza mwaka 1981 utaratibu ambao vyuo vyetu vya ualimu vinaufundisha hadi leo: mwanafunzi afikiri peke yake, ajadiliane na mwenzake, kisha walishirikishe darasa. Utaratibu huu unayafaa madarasa yetu kuliko vikundi vya watu wanane, kwa sababu hauhitaji kuhamisha dawati hata moja. Jirani yupo tayari ubavuni, na katika jozi hakuna pa kujificha. Hata hivyo hatua ya kwanza, ile ya kufikiri peke yako, ndiyo inayorukwa kila tunapobanwa na muda, na ikirukwa, zile mbili zinazofuata hubaki tupu, maana mtu asiye na wazo lake hana cha kumpa mwenzake isipokuwa kukubali alichoambiwa. Ndiyo maana nasisitiza maandishi. Mistari mitatu au minne iliyoandikwa kabla ya mazungumzo kuanza humpa kila mtoto kitu cha kukitetea au cha kukibadilisha.

Hapa inaingia pia habari ya lugha, ambayo katika mkoa wetu haikwepeki. Mtoto anayetoka vijiji vya Buhigwe au Kasulu amekua akizungumza Kiha nyumbani, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha anapoingia Kidato cha Kwanza anakutana na masomo karibu yote kwa Kiingereza. Ukimwambia afikiri, aandike na ajadili kwa Kiingereza katika muhula wa kwanza, umemnyang'anya nusu ya akili yake, na utakachopata ni sentensi alizonakili kitabuni. Katika vipindi vyangu mwanafunzi huruhusiwa kuandika wazo la kwanza na kujadiliana na mwenzake kwa Kiswahili, halafu jozi hiyo ikalazimika kulipeleka wazo lake kwenye Kiingereza kabla ya kulisema mbele ya darasa. Wapo walimu wenzangu wanaoona utaratibu huo unachelewesha lugha ya mtihani. Nawaheshimu, lakini kwa kuwatazama wanafunzi naona kinyume chake: mwenye jambo la kusema huyatafuta maneno ya Kiingereza kwa bidii kuliko asiye nalo.

Naomba nitoe mfano mmoja kwa kirefu. Mwaka 2024 Serikali, kwa makubaliano na nchi za Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia, ilisitisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Kwa wanafunzi wa Ujiji, Katonga na Kibirizi jambo hilo liliingia moja kwa moja jikoni, kwa kuwa baba zao ni wavuvi, mama zao huanika na kuuza dagaa, na fedha ya madaftari hutoka mwaloni, yaani kwenye soko la samaki kando ya ziwa. Nikaandika ubaoni swali hili: ziwa likifungwa miezi mitatu, nani anafaidika, nani anapoteza, na tutajuaje kama kulifunga kumesaidia? Wakapewa dakika tano za kuandika bila kuongea. Walio wengi waliandika habari ya bei na njaa, kama inavyotarajiwa. Wapo walioandika kwamba ziwa letu ni refu mno kwenda chini na kwa hiyo samaki wake hawawezi kuisha. Msichana mmoja, ambaye kwa kawaida hanyooshi mkono, aliuliza kwenye daftari lake: kama migebuka huwala dagaa, je, kumwacha mgebuka aongezeke kwa miezi mitatu hakutawapunguza dagaa badala ya kuwazidisha? Hilo ni swali la mtandao wa chakula, na aliliuliza kabla sijafungua mada hiyo.

Baada ya jozi kujadiliana, ndipo nilipoleta maarifa ya kitabuni, na yalipokelewa tofauti kabisa na siku nyingine, kwa kuwa kila mtu alikuwa na dau lake ndani ya hoja. Tulizungumza kwamba ziwa lina kina cha takribani mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa, lakini oksijeni ipo katika tabaka la juu tu, kwa hiyo sehemu kubwa ya maji hayo haina samaki. Tulizungumza kwamba dagaa huishi muda mfupi na kuzaliana kwa haraka, jambo linalofanya miezi mitatu iwe na maana kwao kuliko kwa samaki anayekua polepole. Swali la mgebuka tuliliacha wazi, na niliwaambia wazi kwamba tunaliacha.

Ziwa lilipofunguliwa mwezi Agosti, niliwatuma waende mwaloni kuuliza bei ya kisado cha dagaa na kutazama ukubwa wa dagaa wenyewe, kisha waandike. Takwimu walizorudi nazo hazikupatana hata kidogo. Mmoja alikuta dagaa tele na bei ya chini, mwingine alikuta mabeseni matupu. Kabla sijasema lolote, kijana mmoja ambaye baba yake huvua kwa taa aliwauliza wenzake walikwenda lini, na ikabainika kwamba waliokosa dagaa walikwenda siku za mbalamwezi, wakati ambapo mwanga wa taa hauwavuti dagaa vizuri na wavuvi wengi hupumzika. Kutoka hapo darasa lenyewe likaamua kwamba kila takwimu iandikwe na tarehe yake, mahali ilipochukuliwa na hali ya mwezi. Hakuna sura ya kitabu iliyokuwa imewafundisha umuhimu wa tarehe katika takwimu kwa nguvu ile. Mwisho niliwarudisha kwenye ukurasa wa mwezi Mei: soma ulichoandika, usikifute, andika chini yake unachokiona sasa na sababu iliyokubadilisha au iliyokufanya ubaki pale pale. Wengine hawakubadilika, na sababu walizotoa zilikuwa nzito. Huo ndio ujuzi ninaouzungumzia, na aliyeupata kwa dagaa ataweza kuutumia kwa michikichi, kwa mvua za masika, au kwa hesabu za duka lake.

Andalio la somo ambalo tumelijaza kwa miaka mingi lilikuwa na hatua ya tafakari, na mara nyingi hatua hiyo huwa imeandikwa kwa ufasaha katika andalio huku darasani haionekani. Mimi huitenga dakika tano za mwisho. Madaftari hufungwa, na kila mwanafunzi, kwenye karatasi au nyuma ya daftari, huandika kutoka kichwani jambo aliloelewa, namna atakavyomweleza mtu ambaye hakuwapo, na swali lililobaki. Kufunga daftari ni sharti, tena lina sababu ya kitafiti. Mwaka 2006 wanasaikolojia wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi kifungu cha habari, wengine wakakisoma tena na wengine wakaandika walichokikumbuka bila kukitazama. Walipopimwa dakika tano baadaye, waliosoma tena walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliojikumbusha kwa kuandika walikumbuka asilimia 56 ya kifungu, na waliosoma tena asilimia 42. Matokeo hayo yanaeleza kwa nini mwanafunzi anayekesha akisoma daftari lake usiku wa kuamkia jaribio hujiona amefanikiwa, na kwa nini mada hiyohiyo inakuwa ngeni kwake kwenye mtihani wa mwisho wa mwaka.

Najua swali litakalofuata: mwenye wanafunzi zaidi ya themanini darasani atayasoma maandishi hayo lini? Hayasomi yote. Hukusanya ya mstari mmoja wa madawati, kesho ya mstari mwingine, na kuyapitia bila kuweka alama za vema wala kosa. Anachokitafuta ni mahali ambapo wengi wamekwama. Kipindi kinachofuata huanzia hapo hapo, kwa kuandika ubaoni mawazo mawili yaliyojitokeza bila kutaja wenyewe, na kuliuliza darasa ni lipi linasimama na kwa nini. Kazi hii ni nyepesi kuliko kusahihisha mazoezi themanini ya kunakili, na mwalimu huondoka akijua anachotakiwa kufundisha.

Pingamizi zito zaidi ni la mihtasari na mitihani. Wakuu wa shule huulizwa wastani wa ufaulu, walimu huulizwa mada zilizobaki, na katika hali hiyo dakika tano za kimya huonekana anasa. Nawaomba wenye wasiwasi huo wasome taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa ambazo Baraza la Mitihani la Tanzania huzitoa baada ya mitihani. Miongoni mwa sababu zinazojirudia humo ni watahiniwa kushindwa kutambua swali linataka nini, kutoa maelezo yasiyohusiana nalo, na kuorodhesha pale walipotakiwa kueleza. Hayo hayatokani na mada kutofundishwa. Ni mapungufu ya mtu ambaye katika miaka minne hakuwahi kuachiwa swali akae nalo peke yake. Tunaweza kuimaliza mihtasari mwezi Juni na bado tukawa hatujamgusa mwanafunzi huyo.

Kwa masomo ya sayansi, ambako kilio cha maabara ni cha haki kabisa, nataka kukumbusha jambo lililotokea jirani yetu. Jane Goodall, mtafiti Mwingereza wa sokwe, alipofika Gombe mwezi Julai 1960, hakuwa na shahada wala vifaa vya maabara. Alikuwa na darubini ya mkononi, daftari na uvumilivu, na kabla mwaka huo haujaisha aliwaona sokwe wakitumia vijiti vya majani kutolea mchwa kwenye kichuguu, jambo lililowalazimu wanasayansi duniani kufikiri upya kuhusu wanyama na matumizi ya zana. Kazi hiyo ilifanyika katika mkoa huu, mwendo mfupi wa boti kutoka mjini Kigoma. Mwanafunzi wetu akitumwa kukaa nusu saa akitazama siafu, kuku wenye vifaranga, au wanawake wanaokamua mawese, akaandika kwanza alichokiona, kisha kwa mstari tofauti anachodhani kinasababisha, anajizoeza hatua ileile ya kwanza ya sayansi. Kutenganisha nilichokiona na ninachokidhani ni kazi ngumu hata kwa watu wazima, na inafundishika bila umeme.

Mwalimu Nyerere, ambaye alisoma Tabora na baadaye kufundisha St. Mary's hukohuko Tabora kabla ya kuingia kikamilifu katika siasa, aliandika mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea kwamba elimu yetu inapaswa kumjengea kila raia akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kutokana na wanayoyafanya wengine na kuyakataa au kuyabadilisha yafae mahitaji yake, na kujiamini kama mtu huru aliye sawa na wenzake. Mara nyingi tunalikumbuka andiko hilo kwa mashamba ya shule na majembe. Mimi nadhani sehemu hiyo ya udadisi ndiyo iliyo ngumu zaidi kuitekeleza, kwa sababu shamba huonekana na mgeni wa mkoa, ilhali fikra za mtoto wa Kidato cha Pili hazionekani mpaka mtu afungue daftari lake.

Kwa hiyo nina maombi kwa wahusika. Wathibiti ubora wa shule, mnapofika shuleni mkaomba azimio la kazi, andalio la somo na nukuu, ombeni pia madaftari ya wanafunzi watano walioketi nyuma, mkatafute humo sentensi ambazo hazikunakiliwa ubaoni. Mkiyakosa maandishi ya namna hiyo katika shule nzima, mtakuwa mmepata taarifa ambayo andalio haliwezi kuwapa. Wakuu wa shule, msimpime mwalimu kwa kelele au ukimya wa darasa lake, na mumlinde anayeacha mada moja isogee wiki ijayo kwa kuwa wanafunzi wamekwama. Waratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, tunaposhiriki katika jumuiya za ujifunzaji shuleni tumekuwa tukisomewa hatua za mbinu mbalimbali mpaka zinatukaa kichwani. Naomba vikao vijavyo vianze kwa kila mwalimu kuleta maandishi ya tafakari ya wanafunzi wake, mazuri na mabovu, tukayasoma pamoja mezani na kuulizana mtoto huyu alikwama wapi na somo linalofuata lianzie wapi. Vifaa vya kikao cha namna hiyo tayari tunavyo katika mifuko ya wanafunzi wetu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Sekondari,
Ujiji, Kigoma